Kilichofukiwa Kina Mwenyewe



Katika sehemu nyingi za nchi yetu wapo watu wanaozunguka mashambani na kwenye mahame wakiwa na kifaa kinacholia kila kinapokuta chuma ardhini. Wanatafuta ile inayoitwa mali ya Mjerumani. Nasi wa bonde la Kilombero, kutoka Mofu hadi Ifakara, tunaoishi chini ya milima ya Mahenge ambako Wajerumani walikuwa na boma, masimulizi hayo tunayafahamu.

Yana chembe ya ukweli. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Zilikuwa kama elfu kumi na sita tu. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliutwaa mji, na Oktoba 1917 wakaitwaa Mahenge. Hapo ndipo hadithi za masanduku yaliyofukiwa zinapopata nguvu. Lakini sarafu ndogo ya shaba ya wakati ule iliitwa heller, ndiyo iliyotuachia neno hela, na mchimbaji ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na hiyo, au na ganda la risasi, kuliko na tembo wa dhahabu.

Basi tunapookota kitu, tukitambue kwanza. Shaba iliyokaa ardhini huvaa kutu ya kijani, na fedha huwa nyeusi. Dhahabu safi haishiki kutu. Sumaku huvuta chuma, haivuti shaba wala dhahabu. Tusikisugue kwa mchanga wala kwa ndimu, maana maandishi yatakwenda pamoja na uchafu. Na kikiwa na umbo la kombora, tusikiguse kabisa, hata kama kimelala miaka mia.

Lakini bangili ya shaba haina maandishi. Tutaitambuaje? Zamani misafara kutoka pwani ilileta bara nyaya za shaba, na mafundi wetu wakazikunja kuwa mapambo ya mikono na miguu. Bangili ile ilivaliwa na mtu. Pengine ilitolewa katika mahari, pengine aliivaa mtoto. Tukumbuke tarehe 30 Agosti 1905, watu wa nchi hii walipolishambulia boma la Mahenge katika vita vya Maji Maji wakaangushwa na bunduki za mtombo, na njaa kuu iliyofuata vita hivyo. Tuwakumbuke pia wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote na kufa kwa njaa na maradhi, wengi wao bila kaburi lenye jina. Hao nao walikuwa na bangili, shanga na hirizi zao.

Katika Injili ya Luka yumo mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba akitafuta sarafu yake moja. Twamwona alitafuta nyumbani mwake, kitu chake mwenyewe. Anayechimba hame la wengine usiku kwa taa ya tochi hawezi kujilinganisha naye, japokuwa wote wawili wameinama.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa serikalini au kwenye makumbusho. Mnunuzi anayepita na mizani mfukoni hatatuambia jambo hilo. Yeye huuliza uzito tu. Na endapo pamoja na bangili umeonekana mfupa, tuweke jembe chini, tufunike udongo, tukamwite mwenyekiti wa kijiji pamoja na wazee wa ukoo wa eneo lile. Huenda yuko bibi mmoja anayejua ni nani aliyelazwa pale.