Baada ya Tarawehe Unaenda Wapi?



Ndugu yangu msomaji, nasema hasa na wewe wa miaka 14 hadi 19 unayeishi hapa kwetu Thika ama Ruiru. Kwamba sigara, muguka na pombe ni vibaya, umeyasikia chuoni tangu ulipokuwa Juzuu Amma. Sitayarudia. Nina swali moja tu: baada ya tarawehe unaenda wapi?

Nauliza kwa sababu Ramadhani inatuonyesha jambo. Kijana aliyezoea fegi hukaa tangu alfajiri hadi Magharibi, saa kumi na tatu hivi, bila kuvuta. Kichwa kinamuuma, hasira ziko karibu, lakini anaweza. Halafu adhana ikilia, tende ya pili haijashuka, ameshatoka nje kuwasha. Kazi ya kutwa nzima anaibomoa kwa dakika tano!

Wa muguka naye, witri ikiisha, anatafuta wenzake. Wanaketi mpaka daku. Majani yale yana kathinoni, kemikali inayoamsha mwili kwa nguvu: moyo unaenda mbio, usingizi unakimbia, njaa inapotea. Kwa hivyo daku hali, anashindilia soda, na asubuhi yuko darasani macho mekundu, mdomo mkavu. Hapo asiseme saumu imemchosha. Ni usiku wake. Wengine wanaongeza kuber, ile inayofanana na majani ya chai. Hiyo ni tumbaku jamani, na nikotini yake inapenya kwenye ufizi. Na dada zetu wasifikiri hawamo. Harufu ya tufaha kwenye shisha haiondoi tumbaku iliyo chini yake.

Sheria zipo. Ile ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na ile ya vileo ya 2010 vilevile. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Mombasa walipiga marufuku muguka Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri. Lakini zunguka Makongeni ama Kimbo jioni, kisha uniambie kama sheria peke yake inatosha.

Wengi hudhani vijana hawajui. Wanajua sana! Shida ni saa. Wazazi wengi wa huku wanafanya kazi Nairobi, na foleni ya Thika Road unaijua. Mtoto akitoka shule anakuta nyumba imefungwa, na wa kumkaribisha ni wale wa kona. Basi maustadhi wetu, tufungulieni darasa la madrasa saa moja ama mbili baada ya tarawehe. Chai iwepo, na vitabu vya shule viruhusiwe. Sisi wa vyuo vikuu, kuanzia Juja mpaka Thika mjini, tuko wengi. Tutakaa na wadogo zetu kwenye hesabu na fizikia.

Nawe unayetaka kuacha, anzia pale kwenye futari. Hamu ikipanda hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, swali, kaa ndani na watu. Siku tatu za kwanza ndizo kali. Ukizidiwa, NACADA wana namba ya bure, 1192, na aliye mdogo anaweza kupiga 116. Si lazima baba ajue kwanza.