Hasara ya duka isilipwe na mshahara wa binti wa kaunta

*Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa kwa vijana wa chama, Dodoma, Septemba 2024. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Soma, kisha mtumie mtu anayefanya kazi dukani.*



Najua mwezi huu mioyo ni mizito. Mtu anayesikiliza taarifa za watu kutekwa halafu anaambiwa leo tunazungumzia udokozi wa madukani, anaweza kuniuliza, hivi kamanda huna la kusema? Ninalo, na ni hili hili. Wengi mliokaa hapa mna dada, mdogo au mke anayesimama dukani kuanzia asubuhi mpaka usiku, na chama kinachotaka kura yake lazima kijue siku yake inakwendaje.

Tuanze na mji wetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 imehesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Ndani ya miaka kumi tumekaribia kuwa mara mbili. Serikali imehamia, ofisi zimejengwa Mtumba, vyuo vimejaa, na maduka yamefuata watu. Pita Kisasa, Nkuhungu, Ipagala, Area D, nenda hadi Ihumwa. Zamani duka lilikuwa na dirisha la nondo: unataja unachotaka, muuzaji anakuletea, unalipa, unaondoka. Siku hizi ni minimaketi. Mlango uko wazi, bidhaa ziko kwenye rafu, mteja anaingia na kuchagua mwenyewe.

Mfumo huu mteja anaupenda na mwenye duka unamwingizia mauzo, ila una gharama yake. Bidhaa iliyokuwa nyuma ya nondo sasa iko mkononi mwa kila anayeingia. Losheni, maziwa ya unga ya mtoto, betri, nyembe, manukato, chupa ndogo ya mafuta ya kula, vyote ni vidogo, vina bei, na vinaingia kwenye mkoba au chini ya khanga. Na waangalizi wako wangapi? Wawili, labda watatu. Huyo huyo anapiga hesabu kaunta, anapanga rafu, anapokea mzigo, anafuta sakafu. Halafu mwisho wa mwezi anaulizwa: hii imekwenda wapi?

Ukichanganya hali hiyo na maisha yalivyopanda, udokozi haukosi kuongezeka. Mwanzoni mwa mwaka huu sukari iliadimika hadi serikali ikatangaza bei elekezi, na bado watu walinunua kilo moja kwa zaidi ya 4,000. Simtetei mwizi. Wapo wanaoiba kwa njaa, na wapo wanaoiba kwa kazi kabisa: wanaingia watatu, mmoja anauliza bei, mwingine anaangusha kitu, wa tatu anatoka na mzigo. Wote ni wezi. Ninachosema ni kwamba wizi ukiongezeka, kuna mtu analipa, na leo tumtazame anayelipa.

Mwenye duka analipa, tusimbeze. Chukua bidhaa aliyoinunua 9,500 anaiuza 10,000. Faida yake ni 500. Ikiibwa moja, inabidi auze nyingine 19 ili tu arudishe mtaji. Juu ya hapo kuna kodi ya fremu, leseni, TRA, umeme na mlinzi. Ndiyo maana mwezi Juni wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kulalamikia kodi na usumbufu, na mgomo ukasambaa mikoani, sisi tulisimama nao. Ilikuwa sahihi. Lakini yule anayefungua duka hilo saa moja asubuhi na kulifunga saa nne usiku, yeye hakuwa na mkutano wala msemaji. Hasara ya mwenye duka ikishindwa kwenda juu kwa serikali, inashuka chini kwake.

Inashukaje? Kwa makato. Mnalijua neno shoti. Awali shoti ilikuwa fedha kupungua kwenye droo. Sasa hata losheni iliyoibwa na mtu asiyejulikana nayo inaitwa shoti, na inagawanywa kwa wafanyakazi wote.

Tupige hesabu, toeni simu. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Wapo wanaolipwa chini ya hapo, lakini tuchukue binti anayelipwa sawasawa na sheria. Hesabu ya stoo inafanyika, inapungua 200,000. Wafanyakazi wako watano. Kila mmoja anakatwa 40,000. Anabaki na 110,000.

Nauli ya daladala ni 600 kwenda na 600 kurudi, siku 26. Hiyo ni 31,200. Anabaki na 78,800. Chumba, tuseme 40,000. Anabaki na 38,800. Gawanya kwa siku 30: ni kama 1,290 kwa siku. Hapo sijataja NSSF, sijataja vocha, sijataja mtoto. Mtu huyo kesho anasimama katikati ya rafu zilizojaa chakula, analinda mali ya milioni kadhaa kwa tumbo la 1,290.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hatujui. Makato haya, jinsi yanavyofanywa, ni kinyume cha sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara kwa sababu tu hasara imetokea. Lazima mfanyakazi mwenyewe akubali makato kwa maandishi. Na hata akikubali, kuna masharti. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na imetokana na kosa lake yeye. Mwajiri amwandikie chanzo cha hasara, kiasi, na namna kilivyokokotolewa. Ampe nafasi ya kutosha ya kupinga. Jumla ya deni isizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Rudi kwa binti yetu. Robo ya 150,000 ni 37,500. Alikatwa 40,000. Kwa kiasi peke yake, sheria imevunjwa. Lakini kosa kubwa liko kabla ya kiasi: nani alithibitisha kwamba ni kosa lake? Kugawanya hasara kwa watu watano ni kukiri kwamba hujui aliyekosea. Kama hujui aliyekosea, sheria haikupi ruhusa ya kumkata hata mmoja.

Nimesikia hoja ya mabosi: "Nisipowakata watashirikiana na wezi." Kama una ushahidi kwamba mfanyakazi anaiba, Kanuni ya Adhabu ina kosa lake, wizi wa mtumishi, kifungu cha 271. Peleka polisi, ashtakiwe, ajitetee. Huwezi kumwadhibu kwa kosa ambalo huthubutu kumshtaki nalo.

Jambo la pili ni zito kuliko fedha. Jamani, mnajua mji huu mtu akipigiwa kelele ya mwizi nini kinafuata. Mawe, fimbo, tairi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kwa miaka kadhaa kimeandika kwenye ripoti zake vifo vya mamia ya watu kwa mwaka mikononi mwa wanaoitwa wananchi wenye hasira kali. Sasa mweke yule binti hapo. Amemwona kijana anaficha kipande cha sabuni. Akipiga kelele, kijana anaweza kufia pale nje, mbele ya macho yake, kwa sabuni. Akinyamaza, mwisho wa mwezi analipa yeye. Akimfuata mwenyewe kumzuia, hajui mfukoni kuna kisu au hakuna.

Huo ndio uchaguzi tuliomwachia mtu wa mshahara wa 150,000. Auache uhai wa mtu, au auache mshahara wake, au ahatarishe mwili wake. Hakuna kazi ya dukani inayotakiwa kuwa hivyo.

Sheria hapa nayo iko wazi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumkabidhi, sio kumpiga. Na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Nanyi wa mitandaoni, acheni kusambaza picha za kamera za dukani kwenye magrupu mkiandika "mwizi huyu hapa". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Sura ukishaitupa mtandaoni hairudi, hata ikibainika mtu alikuwa amelipa.

La tatu ni heshima. Kupekuliwa kila jioni, mkoba kumwagwa mezani mbele ya wateja, dada kupapaswa na mlinzi wa kiume. Hili wengi wanalimeza kwa sababu nje kuna watu ishirini wanaoitaka kazi hiyo hiyo, wengine wana digrii. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliyeubeba, sio usufi.

Serikali iko wapi? Hapa ndipo ninapoikamata Serikali ya CCM. Sheria nzuri ipo kwenye karatasi tangu 2004. Waziri anayehusika na kazi ofisi yake iko Mtumba. Bunge liko hapa hapa. Hakuna mji Tanzania ambao mfanyakazi wa duka yuko karibu na wakubwa kama Dodoma. Wakubwa hao wananunua maji na vocha kwenye maduka hayo hayo. Wakati ofisa wa kodi anajua kila fremu iliyofunguliwa, ofisa kazi hajulikani anafananaje. Serikali inayoweza kufika dukani kudai risiti inaweza pia kufika kuuliza: mikataba ya wafanyakazi iko wapi? Anayefanya kazi zaidi ya saa 45 kwa wiki analipwa saa za ziada mara moja na nusu?

Wenzetu Scotland mwaka 2021 walipitisha sheria mahususi ya kumlinda mfanyakazi wa duka dhidi ya kushambuliwa, kutishwa na kutukanwa akiwa kazini. Sisi hata hiyo hatujaifikia. Tuanze kwa kuitekeleza tuliyonayo.

Sasa, tunafanya nini? Mambo matano, yaandikeni.

Kwanza, ukiajiriwa dai maelezo ya kazi kwa maandishi: mshahara, saa, kazi yako. Kifungu cha 15 cha sheria ile ile kinakupa haki hiyo.

Pili, usisaini karatasi ya makato ambayo hukuelewa. Ukilazimishwa, andika tarehe, kiasi na aliyekuwepo. Daftari la shilingi mia tano linaweza kukuokoa.

Tatu, kabidhianeni zamu kwa kuhesabu, angalau bidhaa zile zinazopotea sana, na wote wawili mwandike. Hii inamsaidia hata mwenye duka, maana atajua mzigo umepotea saa ngapi.

Nne, ukikatwa isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukifukuzwa bila haki, ni siku 30 tu. Usikae nyumbani ukilia, siku zinahesabika. Na ulizeni kuhusu TUICO, ndicho chama cha wafanyakazi cha sekta ya biashara. Mtu mmoja akilalamika anaambiwa aondoke. Wakiwa kumi wanaitwa mezani.

Tano, Novemba 27 ni uchaguzi wa serikali za mitaa. Uandikishaji ni Oktoba 11 hadi 20. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayepigiwa simu mwizi akikamatwa. Ndiye mwenye ulinzi shirikishi. Anaweza kuwa mtu anayewahi na kusema "huyu anakwenda kituoni akiwa hai", au mtu anayefika kuhesabu maiti. Kila mmoja wenu anayegombea aahidi mbele ya wapiga kura wake mambo mawili: hakuna anayeuawa kwa udokozi kwenye mtaa wangu, na kila mwenye duka atakaa kikao na wafanyakazi wake nikiwepo, tuzungumze usalama na makato.

Mwenye duka tukamwambie ukweli kwa heshima: hasara ni sehemu ya biashara, kama vile faida ilivyo yako peke yako. Weka kioo cha kona, sogeza vitu vya bei karibu na kaunta, ajiri mtu mmoja zaidi. Hayo yanazuia wizi. Kumkata binti hakujawahi kuzuia wizi wowote. Kunamfanya tu aache kujali.

Kesho ukiingia dukani, msalimie aliyepo kaunta kwa jina lake, muulize kama anajua kifungu cha 28. Asipojua, mweleze. Halafu muulize kama ataandikishwa Oktoba.

Tukutane kwenye uandikishaji.