Bidii Si Neno la Kwenye Ripoti
(Mawaidha kwa vijana na wazazi baada ya Tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimeombwa niseme machache juu ya bidii. Naona wengine mshaanza kupiga miayo: "Leo tena twaambiwa tusome." Subirini kidogo. Nataka tuanze na neno lenyewe, maana twalitumia kila siku na maana yake tumeiangusha njiani.

Kwa Kiswahili twasema mtu anafanya bidii, anatia bidii, anajibidiisha. Ndugu zake bidii ni juhudi na jitihada, na haya mawili yametoka kwenye Kiarabu, katika shina la herufi tatu: jim, ha na dal. Maana yake ni kutoa nguvu zako mpaka uhisi uzito. Shina hilo hilo limezaa ijtihadi, ile kazi ya mwanachuoni ya kuumiza kichwa akitafuta hukumu ya jambo. Limezaa pia jihadi, neno ambalo siku hizi likitajwa watu hushtuka, kumbe asili yake ni huko kujitahidi.

Sasa tuitenge bidii na majirani zake. Pupa si bidii. Mwenye pupa anataka vyote leo, kesho humwoni. Kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani si bidii, hiyo ni hofu. Na nguvu za soda si bidii: ukifungua inafoka, ukigeuka imetulia. Tuseme ukweli, hata sisi hapa. Usiku wa kwanza wa Tarawehe msikiti hautoshi, watu watandika mikeka nje. Ikifika katikati ya mwezi, waweza kuzihesabu safu. Bidii ni ile inayobaki baada ya hamu kuisha.

Nitawapa kisa changu mwenyewe, na si kisa cha kujisifu. Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akipika mahamri ya kuuza. Kiingereza hakujua. Nikiwa darasa la saba nikaleta ripoti, na mwalimu ameandika kwa Kiingereza kwamba sina bidii. Mama akaniuliza, "Wasemaje hapa?" Nikamjibu, "Wasema nina bidii sana." Alifurahi yule mama! Akaichukua ripoti kwa jirani, naye aione. Jirani akaisoma kama ilivyo.

Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Usiku ule, saa tisa, akaniamsha. "Njoo tukate mahamri." Unga alikuwa ameukanda baada ya isha, umeshaumuka. Mimi nasukuma na kukata, yeye anakaanga. Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Siku ya sita nikamwambia, "Mama, nimechoka." Akanijibu huku anageuza mahamri kwenye karai: "Hata mimi nimechoka, mwanangu, tangu hujazaliwa. Lile neno ulilonisomea ndilo hili."

Nililia. Pesa za shule zilitoka kwenye karai lile, nami nilimdanganya kwa neno ambalo yeye ndiye aliyelijua. Sikuwa wa kwanza darasani mwaka ule, wala uliofuata. Lakini sikumsomea uongo tena.

Ndugu zangu, Bibi Aisha (r.a.) ametupokelea kwamba Mtume (s.a.w.) akijitahidi katika kumi la mwisho la Ramadhani kuliko nyakati nyengine, akikesha na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake. Neno lililotumika pale kwa Kiarabu ni la shina lile lile. Tazama basi: mwishoni, mwili ushachoka, ndipo anapoongeza. Sisi mwishoni ndipo twapungua, tuko madukani twatafuta nguo za Idi.

Najua kuna kijana hapa anayesema moyoni, "Mimi nilisoma, nikamaliza, kazi sijapata. Bidii yangu imenifaa nini?" Sitakudanganya kwamba kila mwenye bidii hupata anachotaka. Lakini tumefundishwa kwamba hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Mbele ya Mwenyezi Mungu jitihada yenyewe haipotei. Na wazee wetu wa pwani walisema, mgagaa na upwa hali wali mkavu. Hawakusema atavua papa. Walisema hatakosa kitoweo. Basi usiache kutembea ufuoni.

Nanyi wazazi, msimwambie mtoto "huna bidii" kwa kutazama nambari peke yake. Wa ishirini aliyekaa na kitabu kila siku ana bidii kuliko wa tatu anayebahatisha. Mtazameni anavyofanya, na nyinyi wenyewe awaone mkifanya.

Mwisho, amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni kidogo. Chagua jambo moja dogo usiku huu: kurasa mbili za Qur'ani baada ya alfajiri, au nusu saa ya hesabu. Ramadhani ikiisha, lisiishe nalo. Ukiliona bado lipo mwezi wa Mfungo Tatu, hapo sema una bidii.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa kudumu, na awarehemu wazazi wetu waliochoka kwa ajili yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.