Mwamuzi Aliyekiri Kosa

Masomo: Zaburi 130, Mithali 28:13

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni, shambani au njiani kwenda kazini, twawaomba mtupe dakika chache.

Leo twawapeleka Marekani, katika mji wa Detroit, kwenye mchezo uitwao besiboli. Unafanana kidogo na raundazi wanayocheza watoto wetu shuleni. Mmoja hutupa mpira, mwingine huupiga kwa rungu, kisha hukimbilia kituo cha kwanza. Mpira ukifika kituoni kabla yake, ametolewa. Yeye akitangulia, yu salama. Akataye neno ni mwamuzi asimamaye karibu na kituo.

Jioni ya tarehe 2 Juni 2010, kijana Armando Galarraga, mzaliwa wa Venezuela, alikuwa mtupaji wa timu ya Detroit katika mchezo wao na Cleveland. Ili mchezo uishe, wapigaji wa upande wa pili hutolewa mara 27. Mtupaji akiwatoa 27 mfululizo, hata mmoja asifike kituo cha kwanza, husemwa amecheza mchezo mkamilifu. Tangu mwaka 1880 hadi jioni ile, jambo hilo lilikuwa limetokea mara 20 tu katika mashindano makuu ya Marekani. Galarraga alikuwa amekwisha kuwatoa 26. Alibaki mmoja.

Yule wa 27 akaupiga mpira, akakimbia. Galarraga naye akakimbilia kituoni, akaupokea mpira kutoka kwa mwenzake, akakikanyaga kituo kabla ya yule mkimbiaji. Lakini mwamuzi Jim Joyce, mtu wa miaka mingi katika kazi hiyo na mwenye kuheshimiwa, akanyosha mikono yake kando: yu salama!

Galarraga hakutukana. Alitabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa mpigaji aliyefuata, na mchezo ukaisha.

Picha za televisheni ziliporudiwa, kosa lilikuwa wazi. Ila kanuni za wakati ule hazikuruhusu picha kugeuza uamuzi wa namna ile. Joyce alipoitazama picha mwenyewe, hakutafuta udhuru. Alisema wazi kwamba amekosa, akaomba kumwona yule kijana, akamtaka radhi kwa machozi. Galarraga akamkumbatia. Kesho yake wakubwa walimpa Joyce nafasi ya kupumzika, akakataa. Akatoka uwanjani mbele ya umati wa watu, na aliyemletea karatasi ya majina ya wachezaji alikuwa Galarraga. Mwamuzi akaipokea huku akifuta machozi.

Lakini uamuzi haukugeuzwa. Mkuu wa mashindano, Bud Selig, aliuacha ulivyo. Hata leo Galarraga hamo katika orodha ya waliocheza mchezo mkamilifu.

Tangu mwaka 2014 kanuni zimebadilika, na timu yaweza kuomba maamuzi mengi yachunguzwe kwa picha. Na kuanzia msimu wa 2026, mchezaji aweza hata kuomba mitambo ikate neno kama mpira uliotupwa ulipita mahali pake au haukupita. Nasi wapenzi wa kandanda twaijua kamera ya refa tangu Kombe la Dunia la 2018. Hatuisemi vibaya mitambo hii. Mungu wetu hupenda haki, na kila kitu kisaidiacho kweli kujulikana ni chema.

Ila kamera ina mpaka wake. Yaweza kuonyesha kwamba mtu amekosa, lakini haiwezi kusema kwa niaba yake, "Nimekosa." Wala haiwezi kusema, "Nimekusamehe." Maneno hayo mawili yangali kazi ya mwanadamu.

Ndugu wapenzi, hapa hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita, katika parishi tuliyokuwa tukiitumikia, fedha za ujenzi zilionekana kupungua. Mtunza hazina alikuwa mama mmoja mjane. Tulikaa barazani, tukasikiliza maneno ya watu, tukamwondoa katika kazi ile, na tukatangaza hivyo mbele ya kanisa zima. Baada ya miezi miwili kitabu cha risiti kikapatikana kabatini, tena katika ofisi yetu wenyewe. Hesabu ilikuwa sawasawa, hata senti moja haikupotea.

Ushahidi tulikuwa nao mkononi, kama ile picha ya Detroit. Je, tulifanya nini? Tulimrudishia mama kazi yake kimya kimya. Yeye tulikuwa tumemtangaza kwa kipaza sauti, lakini kosa letu tukalisahihisha kwa kunong'ona. Alirudi kuhesabu sadaka, lakini Meza ya Bwana hakuikaribia.

Ilitupasa hatimaye kwenda nyumbani kwake, kisha kusimama palepale tuliposimama kwanza, tukiri mbele ya wote kwamba tulikosa. Mama alitujibu maneno machache: "Mchungaji, hesabu nilijua ni sawa. Nilikuwa nangoja neno lako." Jumapili iliyofuata alikuja Mezani.

Mtunga zaburi alijua kwamba Mungu akituhesabia kila kosa, hakuna wa kusimama. Mungu hahitaji kamera. Lakini hakukaa mbinguni akituonyesha makosa yetu tu. Alimtuma Mwanawe aichukue hasara ya makosa yasiyo yake. Kwa sababu hiyo twaweza kukiri bila kuogopa kwamba tutatupwa.

Huenda asubuhi hii wewe ni mzazi uliyemwadhibu mtoto asiye na kosa, au mzee wa kanisa, au mwalimu, au msimamizi wa kazi. Kweli umekwisha kuijua. Usingoje isahauliwe. Mwendee leo, na kama ulimwaibisha mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe watujua kuliko tujijuavyo. Tupe ujasiri wa kusema tumekosa, na moyo wa kuwasamehe waliotukosea, hata pale tulichopoteza kisipoweza kurudi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.