Watoto Walio Nyuma ya Pazia: Maisha Baada ya Kuachana

Kama muthokoi uko motoni, uache uchemke polepole, uketi nasi. Leo tunazungumza juu ya jambo linalofanyiwa mzaha kwenye televisheni, lakini nyumbani halina mzaha: kuachana.

Wengi wetu tulitazama Vitimbi katika KBC. Mzee Ojwang na Mama Kayai waligombana mpaka mbavu zikatuuma kwa kicheko. Wako watazamaji walioamini kwamba wawili hao ni mume na mke kweli, kumbe walikuwa waigizaji: Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, na Mary Khavere. Hivyo ndivyo televisheni inavyotuingia. Tunaiona kama maisha, kisha tunashangaa kwa nini maisha yetu hayafanani nayo.

Kuna kipindi kingine cha vichekesho, cha Marekani, kiitwacho Friends. Katika sehemu iliyoonyeshwa Februari 1997, Ross na Rachel wanaachana. Walikuwa wamegombana, na usiku uleule Ross akalala na mwanamke mwingine. Rachel anapogundua, wanabishana sebuleni hadi usiku wa manane. Lakini mama, hebu waangalie wale wengine. Marafiki wao wanne wamo chumbani na hawawezi kutoka. Wanasikia kila neno. Njaa inawashika hadi wanakula nta ya kung'olea nywele za miguu. Watazamaji wanacheka.

Mimi nilipoiona sehemu hiyo niliwafikiria watoto wetu. Nyumba zetu nyingi zina vyumba viwili, au kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba na mama wanapotoleana maneno usiku, mtoto yuko nyuma ya pazia. Hajalala. Amefumba macho tu.

Tena kumbuka hili: sehemu moja ya kipindi kile huchukua kama nusu saa pamoja na matangazo. Lakini hata wale wa kubuni walipatanishwa kabisa mwisho wa kipindi, Mei 2004, miaka saba baadaye. Basi usijilaumu kwamba mwezi umepita na bado unalia. Na usilichukue hilo kuwa ahadi. Ross aliandikiwa na watunzi kwamba atarudi. Wako hakuandikiwa na mtu.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tunza mwili wako. Baada ya kuachana, usingizi hupotea na chakula hakipiti. Kula kidogo kidogo, hata kama ni uji na ndengu. Kunywa maji. Kama unanyonyesha, usimwachishe mtoto kwa kuambiwa kwamba huzuni imeharibu maziwa. Maziwa hayaharibiki kwa huzuni. Mawazo mengi yanaweza kuyachelewesha kutoka, kwa hivyo tafuta mahali patulivu, mshike mtoto kifuani, mwache anyonye mara kwa mara. Pombe haiponyi. Inakuazima usingizi wa usiku mmoja na kukudai wiki nzima.

Pili, ikiwa mwenzako alikuwa na mtu mwingine, nenda ukapimwe virusi vya Ukimwi, na urudi tarehe utakayopewa. Usione haya. Mama mjamzito au anayenyonyesha asichelewe hata kidogo, kwa sababu maambukizi mapya yanaweza kumfikia mtoto, na dawa za kumkinga zipo. Na ukiwa umelazimishwa kulala na mtu, fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia maambukizi.

Tatu, zungumza na watoto. Mtoto asipoambiwa, hujitungia jibu lake, na mara nyingi jibu hilo ni, "Ni makosa yangu." Utaona aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, mwingine analalamika tumbo kila asubuhi ya shule, mwingine anapiga wenzake. Usimchape kwa hayo. Mketishe na umwambie maneno haya matatu: "Baba na mama hawataishi pamoja tena. Si kosa lako. Bado tunakupenda na utaendelea kutunzwa." Rudia kila atakapouliza, hata akiuliza mara kumi.

Usimtume mtoto kwa baba yake na ujumbe wa matusi, wala usimfanye askari wa kuchunguza nani amelala huko. Ukitaka kumsema baba yao, msemee dada yako au rafiki wa kuaminika, watoto wakiwa mbali. Mtoto ni nusu yako na nusu yake. Ukimtukana baba yake, nusu ya mtoto inasikia imetukanwa.

Nne, jua haki ya mtoto. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hivyo karo na chakula si msaada wa kuombwa kwa magoti. Mkishindwa kuelewana, mwone afisa wa watoto. Hata hivyo, tofautisha mambo mawili: kudai matunzo ya mtoto si njia ya kumrudisha mwanamume.

Tano, jua dalili za hatari. Huzuni ya kawaida ina siku nzuri na siku mbaya. Lakini ikiwa kwa wiki mbili mfululizo huoni raha katika lolote, hulali, huli, na kazi ya kawaida imekushinda, huo ni ugonjwa kama malaria, na unatibika. Nenda kituo cha afya. Ukianza kufikiria kujiua au kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Mwambie mtu leo, na asikuache peke yako. Wewe jirani, ukiona mwenzako yuko katika hali hiyo, ichukue dawa ya kunyunyizia mimea na ya kuogeshea mifugo iliyo nyumbani kwake, ukaihifadhi kwako. Kitendo hicho kidogo huokoa maisha.

Kwa shida ya mtoto, piga simu 116. Kwa kupigwa au kudhulumiwa, piga 1195. Zote ni za bure. Ikiwa mwenzako alikuwa anakupiga, usikutane naye peke yako hata akisema anakuja kuomba msamaha.

Mwaitu, kuanza upya hakumaanishi kusahau. Kunaanza siku unapoamka, unachota maji, unawapeleka watoto shule, na kugundua jioni kwamba leo ulicheka mara moja. Siku hiyo itakuja. Kabla haijafika, usiku wa leo, sogeza pazia lile, uwaangalie walio nyuma yake, uwafunike vizuri.

 

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Watoto wetu husikia nini usiku tunapogombana?
2. Ni nani hapa kijijini mama aliyeachwa anaweza kumwendea bila kuchekwa?
3. Dawa za shamba huwekwa wapi nyumbani kwako?