Ardhi ya Shule katika Katiba za Majimbo ya Marekani
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri kwamba upande wa chini wa kiwanja cha shule, ule unaopakana na barabara, uuzwe ili zipatikane fedha za kujenga madarasa matatu. Halmashauri ilituagiza tutafute habari za watu wengine waliopata kuwa na ardhi ya shule, tuone waliitumiaje. Tumechagua Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limo katika sheria kwa zaidi ya miaka mia mbili, na hesabu zake zaonekana.

Yafaa kufahamu kwanza kwamba Katiba ya Serikali Kuu ya Marekani haitaji shule hata kidogo. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio huko Texas, Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba elimu si miongoni mwa haki za msingi zinazolindwa na Katiba hiyo. Basi mzigo wa shule u juu ya majimbo, na katiba zao ndizo zinazoamuru ziwepo shule za umma.

Lakini ardhi ilitangulia. Mwaka 1785, kabla Katiba yenyewe haijaandikwa, Kongresi iliamuru nchi ya magharibi ipimwe kwa miraba ya maili sita kwa sita, na kila mraba ugawanywe mafungu 36 ya ekari 640 kila moja. Fungu la 16 likawekwa kwa ajili ya shule. (Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya mpima kufika, sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa zaidi.) Ohio, lililopata kuwa jimbo mwaka 1803, lilitangulia kupewa. California mwaka 1853 lilipewa mafungu mawili katika kila mraba, na Utah mwaka 1896 manne, maana ekari moja ya nchi kavu haizai kama ya nchi yenye mvua.

Kupewa ni jambo moja, kuhifadhi ni jingine. Tazameni Mississippi. Kaskazini mwa jimbo hilo, katika nchi iliyokuwa ya Wachickasaw, ardhi iliyotolewa kwa shule iliuzwa katika miaka ya 1850 kwa ruhusa ya Kongresi, na fedha zikakopeshwa makampuni ya reli kwa faida ya asilimia 8. Hesabu ilikuwa nzuri. Karani yeyote angeitia sahihi. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, reli zikaharibiwa, na fedha zikapotea pamoja nazo. Sehemu nyingine za jimbo zilibaki na mafungu yao. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1986, hesabu za 1984 zilionyesha kwamba katika sehemu hizo ardhi ilileta wastani wa dola 75.34 kwa kila mwanafunzi. Katika nchi ya Wachickasaw zilipatikana senti 63. Watoto hao walikuwa wakilipia biashara iliyofanywa kabla babu zao hawajazaliwa.

Majimbo yaliyofuata yalifungwa mikono mapema. Katiba ya Colorado ya 1876 yasema mfuko wa shule usiguswe, na ukipata hasara jimbo lenyewe lifidie. Dakota mbili, Montana na Washington, mwaka 1889, zilikatazwa kuuza ardhi ya shule chini ya dola 10 kwa ekari. Sheria ya 1910 iliyofungulia Arizona na New Mexico njia ya kuwa majimbo ilikaza zaidi: mnada wa hadhara, tangazo gazetini kwa majuma kumi, na bei isipungue thamani iliyokadiriwa. Idara ya barabara ya Arizona ilipotaka kupitisha njia katika ardhi hiyo bila malipo, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1967 kwamba thamani yote ilipwe. Serikali yenyewe haikuruhusiwa kujichotea!

Hata hivyo tusidanganyane. Ardhi peke yake haiendeshi shule za Marekani. Sehemu kubwa ya fedha hutoka katika kodi. Na kulinda kuna gharama yake. Mwaka 2016 wapiga kura wa Arizona walikubali mgawo wa kila mwaka kutoka katika mfuko upandishwe toka asilimia 2.5 hadi 6.9 kwa miaka kumi, kwa kuwa shule zilikuwa na haja wakati ule ule. Waliotoa shauri la kuuza hapa kwetu hawakosi hoja: mvua huingia darasani.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haitaji fungu la 16. Kiwanja chetu bado hakina hati, na tayari amekuja mtu kuuliza bei.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba kura zenu juu ya mambo haya: gharama za mpima ardhi zitolewe kabla ya za mabati, hati iandikwe kwa manufaa ya shule, wala si kwa jina la mwanachama yeyote, na upande wa barabarani usiuzwe. Hati ikiwa mkononi, na sheria ikiruhusu, ukodishwe kwa muda usiozidi miaka mitano, kwa tangazo la hadhara, na kodi yake ijenge darasa moja moja. Daftari la kura liko mezani kwa Mweka Hazina.