Kabla Shimo Halijachimbwa

Mazungumzo kwa wanakisomo



Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya gesi na ardhi. Sisi wakulima tukivuna mahindi mengi hatuyali yote kwa siku moja. Tunayaweka ghalani. Lakini kabla ya kujenga ghala tunatazama mahali. Je, maji yanatuama hapo? Mchwa wapo? Ukijenga juu ya kichuguu, umewapikia mchwa.

Wenzetu wa nchi za baridi wana ghala za gesi. Wakati wa joto hutumia gesi kidogo. Wakati wa baridi kali, nyumba nyingi huwasha gesi ili watu wapate joto. Kwa hiyo huweka akiba. Na ghala lenyewe liko wapi? Liko chini ya ardhi!

Hufanyaje? Zipo sehemu zenye mwamba wa chumvi chini sana. Watu hutoboa kisima kirefu mpaka kwenye chumvi, halafu husukuma maji ndani. Maji huyeyusha chumvi, na maji hayo ya chumvi hutolewa nje. Kinachobaki ni pango kubwa. Humo ndimo gesi inaposhindiliwa kwa nguvu. Mwamba wa chumvi ukiwa mzima, gesi haipiti. Lakini ukiwa na ufa je? Au kisima kikiwa na tundu?

Hebu sikilizeni yaliyotokea Marekani, katika mji wa Hutchinson, jimbo la Kansas. Mwezi wa Januari mwaka 2001 gesi ilivuja kwenye kisima kimoja cha ghala la namna hiyo. Ghala lilikuwa mbali na mji, kiasi cha kilomita 11. Gesi ikapita chini kwa chini katika nyufa za miamba mpaka mjini. Huko ikakuta visima vya zamani vya chumvi, vilivyosahauliwa. Ikapanda juu kwa visima hivyo, ikalipuka. Maduka yaliungua. Siku ya pili ulitokea mlipuko mwingine, watu wawili wakafa. Mnaona? Hawa hawakuwa majirani wa ghala. Ufa na shimo la zamani ndivyo vilivyowaletea msiba.

Sasa twende Uingereza, mahali panapoitwa Preesall, katika wilaya ya Lancashire, kando ya mto Wyre. Huko nako chumvi ilichimbwa miaka mingi. Mashimo ya zamani yapo, na mahali pengine ardhi ilididimia. Kampuni moja iliomba kibali cha kutengeneza mapango ya gesi. Wananchi wengi wakapinga. Waliuliza: Je, miamba hii mmeipima vya kutosha? Serikali ikafanya uchunguzi wa hadhara. Mwaka 2007 ikakataa ombi hilo, kwa kuwa maelezo juu ya miamba hayakutosha.

Mambo hayakuishia hapo. Baadaye likaja ombi jipya, la mapango yasiyozidi 19. Wakati huo ilikuwapo sheria ya mwaka 2008 inayohusu miradi mikubwa. Wakati huo sheria hiyo ilimtaka mwenye mradi afanye mambo haya:

Kwanza, azungumze na wenyeji kabla ya kupeleka ombi lake.

Pili, aeleze kwa maandishi mradi utafanya nini kwa maji, wanyama, barabara na maisha ya watu.

Tatu, ajibu maswali ya wachunguzi. Uchunguzi unaweza kuchukua miezi sita, na mwananchi aliyejiandikisha anaweza kupeleka maoni yake.

Mwisho waziri anaamua.

Mwaka 2013 waziri alikataa, na sababu ikawa tena habari za miamba. Kampuni ikaenda mahakamani. Mwaka 2014 mahakama ikautengua uamuzi huo. Mwaka 2015 kibali kikatolewa, pamoja na masharti yake.

Mtasema, "Basi wananchi walishindwa!" Ni kweli, waliopinga hawakupata walichotaka. Lakini hawakunyamaza. Kwa miaka mingi hakuna aliyechimba bila kuulizwa. Maelezo ya miamba yalidaiwa tena na tena. Tena kumbukeni jambo hili: mwenye kutaka kuchimba ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba pako salama. Mwanakijiji hapaswi kuthibitisha kwamba ni hatari.

Na sisi Tanzania je? Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba kutoka Mtwara lilianza kazi mwaka 2015. Kwa hiyo habari za gesi si za wageni tu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yetu.

Basi akija mtu na ramani yake, tumkaribishe vizuri, tumpe kiti. Kisha tumuulize:

Chini hapa mmepima nini, na nani amepima?

Visima na mashimo ya zamani mmeyahesabu?

Maji yetu ya kunywa yatakuwaje?

Gesi ikivuja usiku, nani atatuamsha, na tukimbilie wapi?

Mzee mmoja akisema, "Pale palikuwa na shimo zamani," asichekwe. Aandikwe jina, na shimo liandikwe.

Ndugu zetu, zamani karatasi ilikuja kijijini tukaweka dole gumba tu. Leo tunajua kusoma. Tuisome karatasi mpaka mwisho. Tusipoelewa, tuseme hatukuelewa. Maswali yetu tuyaandike, na nakala tubaki nayo. Kuuliza si ujinga, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ulio chini ya ardhi hauonekani kwa macho. Ni lazima uulizwe kabla shimo halijachimbwa.